Madhabahu Mliyotuonyesha Ni Jiko Langu

Bahati,
Jumatatu, tarehe 13 Oktoba.

Kwa Bwana Jalal, Mkurugenzi,
Kampuni ya Ziara ya Mandhari Maridadi,
Nakuru.

Ndugu Jalal,

KUH: ZIARA YA JUMAMOSI KATIKA MJI WA KALE WA KILELE

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na ofisi yako ikiendelea kuongeza umri wa vitu. Mimi naitwa Wangu, mjane wa miaka hamsini na tisa. Nilisoma hadi darasa la saba, na ninaishi hapa Bahati na mbuzi wanne. Sijawahi kuandikia ofisi yoyote barua ya malalamiko, kwa hivyo nikikosea mpangilio unisamehe. Mambo yenyewe sijakosea, kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, na mengi niliwahi kuyafagia.

Mume wangu, Mathenge, alifariki mwezi wa Januari. Tangu hapo binti yetu Shiko, anayefanya kazi mjini Nakuru, amekuwa akinitafutia mahali pa kwenda. Yeye anaamini kwamba huzuni hukaa kwenye chumba fulani, na mtu akitoka nje anaiacha humo. Mwezi uliopita aliniletea kipeperushi chenu. Kilikuwa na picha ya ukuta wa mawe, maji ya buluu kwa mbali, na maneno haya: "Tembelea Mji wa Kale wa Kilele. Magofu ya karne nyingi mlimani. Mandhari ya bahari." Shiko akaniambia, "Mum, na vile hujawahi kuona bahari. Enda tu, utoke kwa nyumba." Nikaenda.

Gari lenu lilitoka Nakuru saa mbili asubuhi. Tulisimama Kikopey tukala nyama, na juu ya nyama sina lalamiko lolote. Kisha tuliacha barabara kuu tukaanza kupanda kwa njia ya vumbi. Kwenye kona ya tatu nilihisi kwamba naijua kona ya nne. Kwenye kona ya tano nikashika kiti cha mbele. Ndugu Jalal, hamkunipeleka mji wa kale. Mlinipeleka Kambi ya Juu, mahali nilipokaa miaka kumi na sita, mkanikatia tiketi ya kuingia nyumbani kwangu.

Kambi ya Juu, kama hujui, na ni wazi hujui, ilikuwa makao ya wafanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa. Nyumba kumi na mbili za mawe, josho moja, bomba moja la maji. Fundi aliyezijenga alikuwa Mathenge. Sasa naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kuhusu bahari.

Mwongozaji wenu, Bwana Kibii, alitupanga ukingoni mwa mlima, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepimwa koti, akasema, "Wageni wetu, bahari ndio hiyo." Tukatazama. Lilikuwa Ziwa Elementaita.

Kando yangu alisimama Bi Nuria, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye babu yake alitoka Lamu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu yangu Kibii," akauliza, "nikiivuka bahari hii nitafika wapi?" Kibii akajibu, "Utafika kwa shamba ya watu, mathe, na wako na mbwa." Bi Nuria akasema hiyo ni bahari ya heshima sana, mtu anaizunguka kwa bodaboda na kurudi chai ikiwa bado moto.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, na sababu yangu ni hii. Nilipoolewa mwaka wa 1988, Mathenge aliniahidi kwamba tutaenda Mombasa kuona bahari. Jumapili ya kwanza baada ya harusi alinichukua kwa mkono hadi ukingo ule ule, akaniambia, "Hiyo hapo." Nikamwambia hiyo ni Elementaita. Akasema Elementaita ni bahari ambayo haijamaliza kukua, tungoje. Tukangoja. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa kwenye jiwe la mlangoni na kikombe kimoja cha chai, kwa sababu kingine kilivunjika na hatukununua kingine, naye ananiuliza, "Leo bahari imeongezeka?" Namjibu, "Kidogo, upande wa flamingo."

Kwa hivyo silalamiki kwamba mmedanganya. Nalalamika kwamba mmedanganya kwa uongo wa mtu mwingine. Uongo huo ulikuwa na mwenyewe, ulitumika katika nyumba moja tu miaka yote hiyo, na mliuchapisha bila kumtaja.

2. Kuhusu umri.

Bwana Kibii alisema mji ule una miaka isiyopungua mia tano. Alisema hivyo akiwa ameweka mkono kwenye ukuta wa nyumba yangu, iliyokamilika mwaka wa 1989, mwezi wa Agosti, siku ya mvua. Naikumbuka mvua kwa sababu saruji ya sakafu ilikataa kukauka, na kuku akapita juu yake. Nyayo za kuku huyo bado zipo. Kibii alituambia ni nyayo za ndege aliyetoweka duniani. Ndugu Jalal, tulimla Krismasi.

Nimelifikiria jambo hili la umri kwa makini, kwa sababu lina athari kwangu. Kama nyumba ina miaka mia tano, basi nami niliyeingia humo nikiwa bibi harusi wa mwaka mmoja nina zaidi ya mia tano. Kasisi wa Gilgil aliyetufungisha ndoa alifika Gilgil kabla ya wazungu wenzake kuijua Afrika, na alikuja kwa pikipiki. Shiko wangu aliingia darasa la kwanza akiwa na karne kadhaa, na mwalimu hakusema neno. Nitahitaji kitambulisho kipya. Naomba kampuni yako iniandikie barua ya kupeleka huko ofisini, mweleze nyinyi wenyewe.

3. Kuhusu bafu la malkia.

Lile shimo refu lililojengewa kwa mawe, lenye ngazi upande mmoja, ambalo mmeliwekea kibao kinachosema "Bafu la Malkia", ni josho la ng'ombe. Ng'ombe aliingia kwa upande ule wa mteremko, akaogelea ndani ya dawa ya kupe hadi puani, akatokea kwa ngazi akijikung'uta na kumlowesha kila aliyekuwa karibu. Mama mmoja wa Njoro alivua viatu, akashuka ngazi hizo taratibu, akapigwa picha ameinua kidevu. Sikumwambia kitu. Alikuwa amefurahi, na si kosa lake. Lakini nataka ujue kwamba ng'ombe wa mwisho kutumia ngazi hizo aliitwa Sofia, na alikuwa na adabu kuliko kibao chenu.

4. Kuhusu madhabahu.

Kibii alituingiza katika nyumba ya tatu kutoka mwisho, akashusha sauti. Akatuonyesha mawe matatu meusi pembeni mwa ukuta. Akasema hapa watu wa kale walichoma sadaka zao, na masizi yale ukutani ni ushahidi wa ibada ya miaka mingi. Watu wakavua kofia.

Ni jiko langu. Masizi ni yangu. Sadaka zilizochomwa hapo ni githeri yangu ya mahindi na maharagwe, mara nyingi, na mara moja suruali ya Mathenge niliyoianika karibu mno na moto. Nimeshukuru kwamba watu walivua kofia, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kupika hapo hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Hata hivyo nauliza, je, ilihitajika nihame kwanza ndipo githeri iheshimiwe?

5. Kuhusu maandishi yasiyosomeka.

Hapa naomba unisikilize vizuri.

Fundi wa mawe anapochonga jiwe huchagua upande mmoja kuwa uso, yaani upande utakaotazama nje. Mathenge alikuwa na tabia ya kuchonga alama ndogo kwenye kona ya chini ya uso, ili anayepanga mawe asiligeuze. Kila fundi alikuwa na alama yake. Ya Mathenge ilikuwa mstari mmoja uliosimama. Nyumba nne za kwanza zina mstari huo peke yake. Shiko alipozaliwa, mwaka wa 1990, aliongeza kidoti kimoja kando ya mstari. Mdogo wake Kamande alipozaliwa, aliongeza cha pili. Nilimuuliza kama anayepanga mawe hatachanganyikiwa. Akasema mawe yenyewe yanataka kujua.

Bwana Kibii alituambia kwamba alama hizi ni maandishi ambayo hakuna mtaalamu ameweza kuyasoma, na kwamba huenda vidoti ni nyota, au hesabu ya mwezi. Alitumia kijiti kutuonyesha. Alikigusisha kwenye Shiko.

Ndugu Jalal, mtaalamu wa kuyasoma alikuwa amesimama mstari wa pili, ameshika chupa ya maji, na darasa la saba lilimtosha. Kidoti cha kwanza kiko Nakuru na ndicho kilichonikatia tiketi. Kidoti cha pili kiko Qatar, kinaendesha gari la takataka, na hupiga simu Ijumaa. Mstari uko hapa Bahati, kando ya mti wa parachichi, tangu Januari.

6. Kuhusu wakazi waliotoweka.

Tuliambiwa kwamba watu wa mji ule walitoweka kwa namna isiyoeleweka, labda kwa vita, labda kwa tauni, wakaacha kuta bila paa. Tuliondoka Alhamisi. Shamba lilikuwa limegawanywa, bomba likakatwa, na mwaka wa 2004 tukapakia vitu vyetu kwenye trekta kwa safari mbili. Paa hazikuliwa na karne. Tulizing'oa wenyewe tukaenda nazo. Mabati yangu yako juu ya zizi la mbuzi hapa Bahati, na mnakaribishwa kuja kuyaangalia, ingawa siahidi kwamba mbuzi watavua kofia.

Mmoja wa waliotoweka, Mama Obura, anauza njugu sokoni Gilgil kila siku isipokuwa Jumamosi, kwani Jumamosi ni siku yake ya kanisa. Gari lenu lilipita karibu na kanisa lake, naye akiwa ndani.

7. Kuhusu jiwe la mlangoni.

Ningeanza na hili, lakini mkono haukutaka.

Wengine walipoenda kupiga picha ya bahari, mimi nilirudi nyuma. Nilikuwa nimechoka, na miguu ilijua pa kwenda bila kuniuliza. Nikakaa kwenye jiwe la mlangoni, upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa wake. Jiwe lile lina bonde dogo kila upande, tulilolichimba kwa kukaa tu. Nilikuwa sijamaliza kulikalia vizuri Kibii alipokuja mbio. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia, "Mathe, pole, hapo hatukalii. Hiyo ni kitu ya zamani sana, itaharibika." Nikainuka. Nikamwambia asante. Akafunga kamba mbele ya mlango, akanionyesha kibao, pengine akidhani nitafurahi kujifunza. Kibao kinasema hivi:

"Wajenzi wake hawajulikani."

Nilisimama pale nikikisoma mpaka dereva akapiga honi.

Hawajulikani kwa nani? Alikuwa na futi sita na kikohozi. Alipiga mluzi akichonga, na aliacha kupiga mluzi alipofikia kona, kwa sababu kona ilitaka akili. Vumbi la mawe hayo ndilo lililoingia kifuani mwake likakaa humo miaka thelathini, likangoja, na mwishowe likamaliza kazi Januari. Kila ukuta mnaoutoza watu kuutazama ulipita katika mapafu yake kwanza. Nanyi mkanunua ubao, mkanunua rangi, mkamwita mchoraji, na katika shughuli yote hiyo hamkumuuliza mtu hata mmoja. Ni jambo la kushangaza kwamba kampuni inaweza kujua mahali alipooga malkia ambaye hakuwepo, na isijue jina la mtu ambaye nyundo yake bado iko chini ya kitanda changu.

Kwa sababu hizo saba, naomba yafuatayo.

Kwanza, kibao hicho kiondolewe, kiandikwe kingine chenye jina kamili: Elijah Mathenge, fundi.

Pili, neno bahari liondolewe kwenye vipeperushi vyote, pamoja na karne zote mlizoongeza, na watalii waambiwe ukweli, kwamba wanatazama ziwa kutoka kambi ya wakamua maziwa.

Tatu, kama ombi la kwanza na la pili yatakataliwa, basi mkubali matokeo ya maneno yenu. Mimi ndiye mkazi wa mwisho wa Mji wa Kale anayejulikana kuwa hai na asiye na shughuli Jumamosi. Kwa kuwa nina zaidi ya miaka mia tano, naomba nami nitunzwe. Nizungushiwe kamba. Niwekewe kibao kizuri. Mtu akitaka kunikalia au kunisogeza aambiwe, pole, hiki ni kitu cha zamani sana, kitaharibika. Watu wanivulie kofia ninapopika. Na mvua ikinyesha mniezekee paa, maana paa langu la zamani, kama nilivyoeleza, limechukuliwa na mbuzi.

Nne, ikiwa hata hilo ni gumu, fungeni ziara hiyo kabisa, mlima uachwe upumzike, na mtu yeyote asipelekwe tena huko kwa jina lolote.

Nauli sidai. Nyama ya Kikopey ilikuwa nzuri.

Nisalimie wote ofisini. Msalimie dereva, ambaye alipunguza mwendo kwenye matuta bila kuombwa. Msalimie Bwana Kibii, umwambie sina kinyongo naye. Ana sauti nzuri na angefaa sana kusema ukweli. Mkimpata Bi Nuria mumwambie kitambaa alichoniahidi nitakipitia. Msalimie na mama wa Njoro, lakini habari za Sofia msimwambie.

Mimi, kwa heshima zote na subira iliyobaki,

Wangu, mke wa Mathenge
(mtaalamu wa maandishi yasiyosomeka, mstari wa pili)

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha hii, nikaifungua tena kwa mvuke wa sufuria, kwa sababu kuna jambo nililoandika katika lalamiko la saba ambalo halikuniacha nilale mchana wa leo. Niliandika kwamba hamkumuuliza mtu hata mmoja.

Mwezi wa Februari, wiki tatu baada ya mazishi, alikuja hapa Bahati binti mmoja wa ofisi yako, anaitwa Najwa, mwenye daftari na kalamu ya buluu. Mama Obura ndiye aliyemwelekeza. Alibisha hodi vizuri, akanipa pole, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha. Nilikuwa nimemwaga vifaa vya Mathenge sakafuni ili nivipange, na nilikuwa nimeshika patasi. Akaniuliza, "Mama, zile nyumba za kule juu nani alizijenga?"

Ndugu Jalal, jina lilikuja mpaka hapa kooni. Nikajua nikilitoa halitatoka peke yake. Nikamwambia, "Sijui, mama. Sisi tulizikuta." Akauliza zina miaka mingapi. Nikamwambia mingi, mingi sana, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa hivyo. Akauliza waliokaa humo walienda wapi. Nikasema sijui, walipotea. Mwisho akauliza, kama mtu anayetaka kumalizia kwa jambo la furaha, mtu akiwa kule juu anaona nini.

Nikamwambia, "Bahari."

Akaandika yote. Ana mwandiko mzuri sana, msimwachishe kazi.

Kwa hivyo karne, na kutoweka, na kutojulikana, vyote vilitoka katika nyumba hii, na nyinyi mlichoongeza ni josho, kuku, jiko na vidoti tu. Basi ombi la nne nalifuta. Msifunge. La tatu nililiandika kwa hasira. Karne kateni jinsi mnavyoona inafaa. La kwanza nalishikilia, na najua sasa si kwenu nilipaswa kulipeleka.

Nimemwambia Shiko anikatie nafasi tena Jumamosi ijayo. Naomba Kibii afungue kamba kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kikombe nitakuja nacho. Nitakuja na patasi pia, na nyundo. Kibao chenu nitakiacha pale kilipo. Nataka kumwandika kwenye jiwe lenyewe la mlangoni, upande wa kulia, na herufi zangu si nzuri kama za Najwa, kwa hivyo naomba nisiharakishwe kwa honi.

Bahari muiache. Wakiuliza mbona ndogo, waambieni wangoje.